Rekoda ndogo ya betri moja: mwaka mzima nayo kati ya Majengo na Msambweni

Nyanya yangu anashona makuti. Kila asubuhi baada ya chai utamkuta chini ya mwembe nyuma ya nyumba, fito mapajani, rundo la kuti mkono wa kulia, anakunja, anadunga, anavuta uzi, anakunja tena. Rekoda hii niliinunua kwa ajili yake, na karibu yote nitakayoyasema hapa nimeyajua nikiwa nimekaa naye au na majirani zake.

Mimi ni fundi wa redio na spika. Kibanda changu kiko Majengo, Mombasa, nami nina miaka 19 hapo. Kwao mama ni upande wa Msambweni, Kwale, na karibu kila mwezi navuka feri ya Likoni, napanda matatu ya Lunga Lunga, nashuka njiani. Vyombo vya sauti vimepita mikononi mwangu vingi. Hiki pia nilikifungua nikaona ndani kabla sijakiamini.

Jina la kampuni silitaji. Niliyo nayo mimi ilikuwa imetumika na mtu mwingine, na sitaki ila za chombo kimoja kilichochoka ziwe sifa ya kiwanda kizima. Umbo utalitambua ukiliona: urefu wa kiganja, maiki mbili kichwani zilizopishana chini ya waya wa kuzilinda, kioo kidogo mbele, kitufe kimoja kikubwa chekundu cha kuanza na kusimamisha. Inatumia betri moja ya AA, zile tunazotia kwenye saa ya ukutani, na memori kadi ndogo hadi ya GB 32. Nililipa shilingi 8,000. Mpya, pale pale dukani, ilikuwa 15,000.

Duka lenyewe liko kwenye uchochoro karibu na Mwembe Tayari. Mwenye duka alinifanyia jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi. Aliniruhusu nitoke nayo nje, nikasimama ukingoni mwa barabara matatu zikipiga honi na makanga wakiita abiria, nikarekodi dakika tano, nikarudi ndani kusikiliza kwa hedifoni zangu mwenyewe. Nilisikia upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja mahali pake, na sauti ya muuza kahawa akigonganisha vikombe ikiwa wazi juu ya kelele zote. Nikalipa bila kushusha bei. Ukinunua iliyotumika, usikubali kujaribiwa mezani tu. Dukani kimya, kila maiki husikika nzima.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: simu unayo, rekoda ya nini?

Simu nilianza nayo. Mara ya kwanza nyanya alikuwa akinisimulia jinsi mama yake alivyomfundisha kuchagua kuti, simu ya mteja ikaingia, rekodi ikakatika. Mara ya pili niliweka simu isiingize wito, ikakubali, lakini ile sauti nilipoituma kwa dada yangu kwa WhatsApp ilifika imebanwa, herufi za s zote zimekuwa kama mafuta yanayokaanga. Hayo mawili yana dawa. Lisilo na dawa ni kwamba simu ni kitu cha kutazamwa. Ukiitoa tu, nyanya anaweka fito chini, anavuta leso kichwani, anakaa wima, watoto wanakuja kusimama nyuma yake wapate kuonekana. Kazi imesimama. Na mimi nilichotaka ni kazi.

Rekoda haina wa kumtazama. Naiweka juu ya kifuu kilichofunikwa, kando ya fito zake, namwambia nimeiwasha, anaona taa nyekundu, na baada ya muda mfupi mikono yake inarudi kwenye makuti kama kawaida. Anajua ipo, lakini haimdai chochote. Kwangu hiyo ndiyo thamani ya chombo hiki, na kama kingekosa sifa nyingine zote ningekinunua kwa hilo tu.

Hata hivyo siku ya kwanza nilikitumia vibaya kabisa. Nilimtolea nyanya kiti cha sebuleni, nikamkalisha, nikaweka rekoda mbele yake juu ya stuli, nikamwambia, "Nyanya, tueleze maisha yako." Akakohoa. Akataja jina lake, jina la baba yake, kijiji alichozaliwa, akasema maisha yalikuwa magumu na anamshukuru Mwenyezi Mungu, akanyamaza. Dakika mbili na sekunde 11. Usiku ule niliporudi Majengo niliisikiliza. Sauti ilikuwa safi, hakuna mvumo wala mkwaruzo, lakini nyanya yangu hakuwemo. Alikuwemo mtu aliyeitwa mbele ya chifu kuthibitisha kitambulisho.

Mwezi uliofuata sikuuliza kitu. Nilisalimia, "Shikamoo nyanya," akaitikia, "Marahaba, mume wangu," nikaomba ruhusa, nikawasha, nikakaa chini nikawa nampa kuti moja moja. Nusu saa nzima rekoda ilinasa kuku, uzi, na yeye akiguna. Halafu nikampa kuti lisilofaa.

"Si hilo, mume wangu. Hilo limekatwa bichi. Ukilishona litajikunja, na mvua itaingia kwa mwenye nyumba, na atakuja kunitukana mimi."

Hapo mlango ukafunguka. Alinieleza kuti la kuokota na kuti la kukata. Alinieleza tofauti ya makuti ya viungo, yale yanayoshonwa kwenye fito kwa ajili ya paa, na makuti ya kumba, yanayosukwa kwa ajili ya ua na kuta za banda. Alieleza kwa nini paa lisilo na mteremko wa kutosha huoza mapema hata makuti yawe mazuri namna gani: maji hukaa badala ya kuteremka. Alitaja bei ya kiungo kimoja mwaka aliomaliza kujenga nyumba yake na bei ya sasa, akataja mnunuzi mmoja wa mahoteli aliyekuwa akihesabu mara mbili ili apunguze. Yote hayo bila kuinua macho kutoka kwenye fito.

Kisha akaingia kwenye mnazi wenyewe. Mimi nina vijana wawili wanaojifunza ufundi kibandani kwangu, wote wamezaliwa Mombasa, na niliwahi kuwauliza majina ya tunda la mnazi wakanitajia mawili, dafu na nazi. Nyanya alihesabu kwa vidole: kidaka, linapoanza kushika, kitale, likikua na bado halina maji ya maana, dafu, koroma, pale nyama inapokazana na maji yanapoanza kuacha utamu, halafu nazi. Akaongeza joya, nazi iliyojaa kitu chororo kama uyoga ndani, ambayo hawezi kuipata bila kutafuta mtoto wa kumpa. Mbata ni iliyokaukia ndani ya kifuu chake. Akaja kwenye mti: karara, upongoo, chelewa, makumbi, na usumba unaotoka kwenye makumbi baada ya kufukiwa ufuoni miezi mingi na kutwangwa mpaka nyuzi ziachane. Alipofika kwenye usumba aliacha kushona kwa mara ya kwanza, akanionyesha kwa viganja jinsi dada yake alivyokuwa akisokota kamba juu ya paja. Kwenye rekodi yale maonyesho hayaonekani, lakini unasikia viganja vikisuguana, kavu, haraka, na unaelewa.

Anachanganya Kidigo na Kiswahili katika sentensi moja, na rekoda haijali. Nasema hivi kwa sababu kijana mmoja alinishauri nitumie programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Nilijaribu. Kiswahili cha mjini iliandika vizuri kiasi. Kidigo cha nyanya ikakigeuza kuwa maneno yasiyo ya lugha yoyote, na ikafanya hivyo bila kuonyesha shaka hata mahali pamoja. Ukiwa na sauti yenyewe, kosa la maandishi linaweza kusahihishwa hata baada ya miaka. Ukibaki na maandishi mabovu peke yake, mzee amekwenda na maneno yake.

Sasa upepo, maana hapa chombo kilinifedhehesha, na atakayekitumia pwani lazima ajue.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, anasuka malema, ile mitego ya samaki ya kapu yenye macho ya pembe sita. Anasukia ufuoni chini ya mvinje. Nilikwenda kwake mwezi wa tano, kusi imeshika, nikakaa naye tangu alfajiri hadi saa nne. Aliniambia mengi: chambo cha mwani na konokono wa mikoko waliopondwa, mawe ya kuizamisha lema, jinsi ya kujua ilipo bila boya ukipatanisha mnazi fulani na paa fulani kule nchi kavu. Niliporudi mjini nikasikiliza, palikuwa na ngurumo tupu. Maneno yake yalikuwa chini kabisa, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa lori likipita juu. Asubuhi nzima ya mzee wa miaka 70 na zaidi ilikuwa imepotea, na yeye alikuwa ameacha kwenda baharini ili anifundishe.

Sponji inayokuja na rekoda hizi haizuii kusi. Inazuia pumzi ya msemaji, basi. Kinachofaa ni kofia ya manyoya marefu, na dukani kofia hiyo iliuzwa ghali kuliko nilivyotaka kulipa. Nikaenda Kongowea, kwenye mitumba, nikapata koti la mtoto lenye manyoya kwenye kofia yake, shilingi 100. Jirani yangu fundi cherehani akanikatia na kushona mfuko wa kuvika kichwa cha rekoda, manyoya nje, akakataa malipo. Pia kuna swichi ya kukata mvumo wa chini. Iwashe ukiwa ufuoni na uizime ukiwa ndani ya nyumba, maana inachukua kidogo cha kifua cha msemaji. Na upepo mpe mgongo wako, rekoda iwe mbele yako, msemaji awe karibu. Shibiri mbili kutoka mdomoni zinatosha. Nilirudi kwa mjomba na kofia ile, nikamwomba radhi, nikamwomba tuanze upya. Alinitazama, akasema, "Basi leo nitakwambia yale niliyoyasahau siku ile." Rekodi hiyo ya pili ndiyo bora niliyo nayo. Upepo unasikika, lakini uko mbali kule kwenye mvinje, unamwambia msikilizaji mahali walipo watu.

Jambo jingine la fundi: rekoda ina swichi ya kujipangia kiwango cha sauti yenyewe. Izime. Mzee anapozungumza hunyamaza katikati, tena kwa muda mrefu, akitafuta neno au akivuta uzi. Mashine ikiona kimya inapandisha kiwango, na kuku, jogoo na bahari vyote vinafura kujaza pale mzee alipopumzika. Akianza kusema, inashuka ghafla na neno lake la kwanza linamezwa. Panga kwa mkono, sauti yake ya kawaida icheze kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, uache nafasi ya kicheko. Watu wa kwetu wakicheka wanacheka.

Kuhusu nafasi: mimi narekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, hezi 44,100, biti 16, maiki zote mbili. Saa moja inakula kama MB 635, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba karibu saa 50. MP3 ya kilobiti 128 saa moja ni chini ya MB 60, inavutia, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Rekodi kwa WAV, toa nakala ya MP3 baadaye.

Ina tundu la maiki ya nje, na tundu hilo ndilo lililonipa rekodi ninayoipenda kuliko zote baada ya za nyanya. Karibu na kwetu kuna mgema aliyehamia kutoka Kaloleni. Mimi mnazi sinywi, dini yangu hainiruhusu, lakini kazi ya mtu yule naiheshimu: minazi 14, anaipanda asubuhi na jioni, na mara nyingine mchana pia, miguu mitupu kwenye vidato vilivyokatwa shinani. Nilimwuliza kama angekubali kupanda na rekoda mfukoni na maiki ya kubana kwenye kola, ya shilingi 600. Akakubali. Unasikia pumzi yake ikibadilika kila vidato vichache. Unasikia kotama, kisu cha mgema, ikikata kipande chembamba cha kole, shina la maua ya mnazi, ili tembo liendelee kudondoka, na ukimya wa mtu anayemimina kitu kwa uangalifu mahali pa juu. Halafu anaanza kuzungumza peke yake kule juu, au na mnazi, sijui. Anautaja huu kwamba umechoka na atauacha upumzike, anamtaja mama anayepita njiani na ndoo. Chini hakuwahi kuniambia hata nusu ya hayo.

Aliposhuka nilimtajia methali tuliyofundishwa sote shuleni, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rekoda ilikuwa bado inakwenda. Akasema, "Hiyo aliitunga mnywaji. Nikilitia maji leo, kesho mteja yuko kwa mwenzangu. Na tembo la asubuhi ni tamu, la jioni limekuwa kali lenyewe bila mtu kulitia chochote. Mnywaji hajui saa, anamlaumu mgema."

Nimekuwa nikiitumia methali ile maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba mgema naye ana neno la kuijibu.

Mombasa tuna bahati na malenga wetu. Muyaka bin Haji alifariki mwaka wa 1840, na tungo zake nyingi tunazo kwa sababu baadaye katika karne ile ile Mwalimu Sikujua alizitafuta vinywani mwa watu waliozikumbuka na kuziandika. Mtu mmoja mwenye subira na kalamu. Siwezi kujilinganisha naye, lakini kila ninapobonyeza kile kitufe chekundu namfikiria, na nafikiria kwamba mshona makuti na msuka malema hawakuwahi kutafutwa na mtu wa namna ile. Gazi, njiani kwenda kwetu, mikoko inajulikana hadi ng'ambo kwa ajili ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hewa ya kaboni na kutia fedha kwenye maji na shule za kijiji. Hekta zake 117 zimepimwa na kuandikwa. Ni kazi nzuri na naiunga mkono. Lakini rafiki wa mjomba, aliyekata miti ya mikoko ujana wake, ndiye aliyeniambia majina ya miti ya kujengea kwa unene wake, akipima hewani kwa vidole wapi fito inaishia na pau inaanza, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na alikuwa hajaulizwa hayo na mtu yeyote kwa muda mrefu sana. Alitaka kuyasema mara mbili ili nihakikishe yameingia.

Ruhusa. Hili halimo kwenye karatasi ya maelezo ya chombo, lakini bila hili chombo kinakuwa mwizi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sauti ya mtu ni mali yake hata kama hajui sheria hiyo ipo. Mimi naomba ruhusa kabla ya kuwasha, halafu naomba tena ikiwa imewashwa, ili jibu liwemo ndani: unakubali, na nani aruhusiwe kusikia? Majibu hayafanani. Nyanya alisema wajukuu wote na watoto wao, si redioni. Mgema alisema yeyote. Mama mmoja mkulima wa mihogo alikubali, akazungumza saa nzima, jioni akanituma mtoto kuniita: kuna mambo ya mumewe aliyoyasema, anataka yafutike. Nilifuta mbele yake, faili nzima, akaona kwenye kile kioo kidogo. Ilikuwa rekodi nzuri. Haikuwa yangu.

Na pengine haiwashwi kabisa. Nilipopelekwa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, niliitoa betri nje mbele ya mzee aliyetuongoza na kumkabidhi. Akaitia mfukoni mwake hadi tulipotoka.

Kurudisha nakala kulinigharimu muda zaidi ya nilivyodhani. Kijijini wengi wana zile redio ndogo zinazoingiza memori kadi na flashi. Nyingi zinasoma MP3 peke yake. Ukimpelekea mzee WAV redio itakaa kimya naye atadhani umemdanganya. Nageuza MP3, nakatakata vipande vya dakika kumi kumi ili asilazimike kuanza mwanzo kila mara, natia kwenye kadi ndogo, naiweka mwenyewe kwenye redio yake na kusubiri hadi aisikie. Nyanya aliposikia sauti yake mara ya kwanza alisema, "Huyu mzee ni nani?" kisha akaanza kujisahihisha kwa sauti, akiongeza aliyoyaacha. Nikawasha rekoda tena.

Ila zake, za hii yangu. Saa ya ndani inasahau tarehe kila ukibadilisha betri, kwa hiyo faili zote zinajiandika siku ile ile ya zamani, nimejizoeza kuanza kwa kutamka, "Leo Jumamosi, tarehe fulani, tupo mahali fulani." Fanya hivyo hata kama saa ya kwako ni nzima. Kiwiliwili ni plastiki tupu, na ukiishika mkononi kila kidole kinasikika, hivyo iweke chini juu ya kitambaa. Mlango wa betri umelegea, nimeufunga kwa raba. Spika yake ya ndani ni ya kuthibitisha tu kwamba kitu kimeingia, haimtoshi mzee mwenye masikio mazito. Mimi nabeba spika ndogo. Hewa ya chumvi ilikula vyuma vya betri, mwezi wa nane vikawa kijani. Nilivisugua kwa raba ya mwanafunzi na spiriti, na sasa haikai usiku bila kutolewa betri. Betri za bei ya chini za dukani zinaishi saa mbili tatu. Nunua mbili za kuchaji, zimenilipa ndani ya miezi michache.

Ni nani asiinunue? Anayetaka kurekodi hotuba ya harusi mara moja, simu inamtosha. Anayetaka picha, atafute kamera, na azungumze na wenyewe kwanza. Lakini mwenye mzee anayefanya kazi kwa mikono, mahali popote kati ya hapa na Vanga, au Kaloleni, au Ganze, shilingi zile 8,000 sijazijutia hata siku moja, na ningetoa 15,000.

Mjomba amepiga simu jana usiku. Ana lema mpya nusu imesukwa, na kuna jinsi ya kufunga mdomo wake ambayo anasema hakunieleza vizuri. Maji yatakupwa saa moja asubuhi Jumamosi, nikichelewa feri hatanisubiri. Betri zote mbili ziko kwenye chaja.